Bwana Shamba Asema: Kifaa cha Kukujulisha Ulipo Ziwani

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kukausha maharage kabla ya kuyaweka ghalani. Natumaini umeyaanika juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu.

Mwezi huu nimepata barua kutoka kwa vijana wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kasulu. Wanasema hivi:

"Sisi ni kikundi cha vijana kumi na wawili. Tumeuza maharage, tumeweka akiba, na tumenunua boti ndogo ya kuvulia dagaa katika Ziwa Tanganyika. Tumeambiwa kuna mashine inayoonyesha ramani ya ziwa na mahali boti ilipo. Je, tuinunue? Na tukishainunua, tuitengenezeje ili ifanye kazi?"

Labda utauliza: bwana shamba wa huku milimani anajua nini juu ya boti? Swali lako ni la haki. Nitakujibu kwa kukusimulia usiku mmoja ambao siwezi kuusahau.

USIKU ULE ZIWANI

Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwaka 2019. Nilitumwa kupeleka vipando vya mihogo katika kijiji kimoja kusini mwa mdomo wa mto Malagarasi. Mihogo ya kijiji hicho ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa wa batobato. Vipando vilikuwa mafungu sitini, kila kaya fungu moja.

Tuliondoka alasiri. Tulikuwa watu tisa ndani ya boti, pamoja na mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Majaketi ya kuokolea yalikuwa manne tu. Mimi niliona jambo hilo, nikanyamaza. Nilikosa.

Jua lilipozama, mvua ikaja. Upepo ukavuma kutoka nchi kavu. Mashine ya boti ikazimika, na nahodha alipoivuta kamba haikuwaka tena. Mawimbi yakaanza kuingiza maji. Tukateka maji kwa ndoo. Maji yalipozidi, tukatupa mafungu ya mihogo ziwani, moja baada ya jingine, mpaka yote sitini yakaisha.

Simu ya nahodha ilikuwa bado na mtandao. Akampigia mwenye boti. Mwenye boti akauliza: "Mko wapi?"

Nahodha akajibu: "Tuko ziwani."

"Ziwani wapi?"

Nahodha hakuweza kujibu. Hapakuonekana mlima, wala taa, wala nyota.

Ndugu msomaji, mfukoni mwangu nilikuwa na kifaa cha GPS. Ni kile kifaa nilichokuwa nikitumia kupimia mashamba ya kahawa huko Kasulu. Nikakiwasha. Kikanipa namba mbili ndefu, moja ya tarakimu sita na nyingine ya tarakimu saba. Nikazisoma katika simu kwa sauti kubwa. Mwenye boti akaziandika, akawapa wavuvi wenye simu zenye ramani. Simu zao zikazikataa namba zile. Walipouliza tena, simu ya nahodha ilikuwa imezimika.

Kifaa hakikuwa kibovu. Namba zangu zilikuwa sahihi, lakini zilikuwa za mtindo wa wapima ardhi, na simu za wavuvi zilitaka mtindo mwingine. Mimi sikujua kubadili. Nilikuwa na cheti cha kilimo na kifaa mkononi, nikashindwa kusema nilipo.

Tulikaa majini mpaka alfajiri. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakirudi ndio waliotuona kwa bahati. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini mtoto yule alikuwa amekuwa baridi kama jiwe, na mama yake hakuweza kusema neno. Na zile kaya sitini hazikupanda mihogo msimu ule.

Kwa hiyo vijana wa Kasulu, nawajibu kama mtu aliyelipa ada ya somo hili.

GPS NI NINI?

GPS hutamkwa jipiesi. Ni mpango wa setelaiti. Setelaiti ni vyombo vinavyozunguka dunia juu sana angani. Setelaiti za GPS ziko juu yetu kilometa 20,200 hivi. Ya kwanza ilirushwa na Marekani mwaka 1978. Siku hizi Urusi, China na nchi za Ulaya zina setelaiti zao za kazi hiyo hiyo, na vifaa vingi vipya husikiliza setelaiti za nchi zote hizo.

Kifaa chako hufanya kazi namna gani? Fikiri juu ya ngoma. Ukiwa bondeni, ukamwona mtu akipiga ngoma kilimani, unaona mkono wake kwanza, ndipo unasikia sauti. Kadiri alivyo mbali, ndivyo sauti inavyochelewa. Ukijua imechelewa kiasi gani, utajua yuko umbali gani. Sasa fikiri kuna wapiga ngoma wanne juu ya vilima vinne. Ukijua umbali wako na kila mmoja, utajua na wewe umesimama wapi.

Setelaiti ndizo wapiga ngoma. Kila moja hutuma mawimbi ya redio, na kifaa chako hupima yamechelewa kiasi gani. Kikizisikia setelaiti nne au zaidi, hujua mahali ulipo. Penye anga wazi, kosa lake huwa ni mita chache tu.

Shika mambo matatu:

Kwanza, kifaa hiki hakitumii vocha wala kifurushi. Hufanya kazi hata pasipo na mtandao wa simu.

Pili, kifaa hiki husikiliza tu, kama redio yako ya nyumbani. Redio haimwambii mtangazaji kuwa wewe uko Kibondo. Vivyo hivyo, GPS haimwambii mtu yeyote kuwa umepotea. Ni lazima wewe mwenyewe useme.

Tatu, kifaa hakioni mawimbi, wala gogo linaloelea, wala kiboko, wala boti nyingine isiyo na taa. Macho ya nahodha bado yanatakiwa.

AINA TATU ZA VIFAA

Ukiwa na fedha za kikundi, usikimbilie kununua. Zijue kwanza aina hizi tatu.

Aina ya kwanza ni simu ya kisasa. Simu nyingi za kugusa kioo zina GPS ndani yake. Unaweza kuweka programu ya ramani. Lakini ramani yenyewe ipakue ukiwa mjini penye mtandao, maana ziwani hutaipata. Faida yake ni kwamba huenda unayo tayari. Hasara zake ni tatu: maji huiharibu, vidole vyenye maji haviwezi kuiongoza, na chaji huisha upesi.

Aina ya pili ni kifaa cha mkononi. Ni kidogo kama simu za zamani, na kina vitufe vya kubonyeza. Vingi hutumia betri mbili ndogo, kama zile za tochi ndogo. Chagua kisichoingia maji. Tazama alama IPX7 katika boksi au kitabu chake. Maana yake ni kwamba kinaweza kukaa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika thelathini bila kuharibika.

Aina ya tatu ni mashine ya ramani inayofungwa ndani ya boti. Hii ndiyo mliyoambiwa. Ina kioo kikubwa, na huonyesha boti yako kama alama ndogo juu ya ramani ya maji. Nyingine hupima pia kina cha maji kwa kutuma sauti chini. Ni nzuri, lakini inahitaji betri ya volti 12, waya, fyuzi, na mahali pasipofikiwa na mawimbi.

Kabla ya kulipia mashine ya aina hii, mwambie muuzaji aiwashe na akufungulie ramani ya Ziwa Tanganyika mbele ya macho yako. Usikubali akuonyeshe ramani ya Bahari ya Hindi. Ramani nyingi za mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Kama ziwa letu linaonekana kama uwanja wa buluu mtupu, bila kina na bila miamba, basi unalipia kioo kikubwa kisichokuambia kitu.

Jibu langu kwa kikundi chenu ni hili. Kwa boti ndogo isiyo na paa, anzeni na kifaa kimoja cha mkononi chenye vitufe, pamoja na simu moja ya akiba ndani ya mfuko usioingia maji. Fedha zitakazobaki nunueni majaketi ya kuokolea, moja kwa kila mtu. Mashine kubwa isubiri mpaka muwe na boti yenye paa, betri ya kutosha, na uhakika wa ramani. Ulizeni bei katika maduka matatu, na mtake risiti na kitabu cha maelezo.

HESABU YA BETRI

Wako wasomaji wenye boti kubwa ambao watataka mashine ya kufunga. Wafanye hesabu hii kwanza.

Kila mashine huandikwa inatumia ampea ngapi. Tuseme yako inatumia ampea 1. Kuvua dagaa ni kazi ya usiku, saa 10.

1 x 10 = 10.

Yaani inahitaji ampea-saa 10. Lakini betri ya maji ya asidi haifai kumalizwa yote. Ukiipunguza zaidi ya nusu kila siku, itakufa mapema. Kwa hiyo zidisha kwa mbili.

10 x 2 = 20.

Unahitaji betri ya ampea-saa 20 kwa mashine hiyo peke yake. Usiichanganye na betri ya taa za dagaa. Taa zitaimaliza, na mashine itazimika saa ile ile unayoihitaji.

Kuna jambo jingine. Usiunge mashine moja kwa moja na paneli ya sola. Paneli ya volti 12, jua likiwa kali, inaweza kutoa hata volti 20 na zaidi. Paneli ichaji betri kwa kupitia kidhibiti chaji, na betri ndiyo ilishe mashine. Weka fyuzi katika waya wa chanya, karibu na betri. Fyuzi iwe ya ukubwa ulioandikwa katika kitabu. Usiweke kipande cha waya badala ya fyuzi.

Mashine uifunge mahali penye anga wazi juu yake, na mbali na mashine ya boti. Kama una dira ya sumaku, viache viwe mbalimbali angalau nusu mita. Chuma na umeme hupotosha dira.

KUKITENGENEZA KIFAA

Kazi hii ifanye nyumbani mchana, si ziwani usiku. Fuata hatua hizi.

1. Toka nje penye anga wazi, mbali na miti na bati. Washa kifaa, kiache kitulie. Mara ya kwanza kinaweza kuchukua dakika kadhaa, hata robo saa, kabla ya kujua kilipo. Usikizime kwa kukosa subira.

2. Weka saa. Saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Greenwich kwa saa 3. Katika kifaa utaona +3. Kumbuka kwamba kifaa huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Kifaa kikionyesha 19:30, sisi tunasema saa moja na nusu usiku. Kikionyesha 3:00, sisi tunasema saa tisa usiku.

3. Weka vipimo vya kilometa na mita.

4. Chagua mtindo wa namba za mahali. Hapa ndipo mimi nilipokosea. Chagua digrii na dakika, au digrii za desimali. Nahodha, mwenye boti na watu wa mwaloni wote watumie mtindo mmoja. Mtindo wa wapima ardhi waachie wapima ardhi.

Nitakueleza kwa nini. Mtindo ule umeigawa dunia katika kanda. Mpaka wa kanda mbili ni mstari wa digrii 30 mashariki. Mstari huo unapita magharibi kidogo ya mji wa Kasulu. Kasulu na Kibondo ziko kanda ya 36, lakini Kigoma mjini na maji yake ni kanda ya 35. Ukishuka kutoka Kasulu mpaka ziwani, umevuka mpaka bila kujua. Mtu akisoma namba zako bila kujua kanda, atakutafuta mahali pengine kabisa.

5. Weka msingi wa ramani uitwao WGS 84. Ramani nyingi za zamani za karatasi za nchi yetu zilitengenezwa kwa msingi mwingine uitwao Arc 1960. Ukichanganya misingi hii miwili, utakosea kwa karibu mita 300. Mita 300 zatosha kukukosesha mdomo wa mto.

6. Nenda mwaloni. Simama pale boti inapofungwa. Bonyeza kitufe cha kuweka alama. Alama hiyo iite NYUMBANI. Bila alama hii, kifaa kinajua ulipo, lakini hakijui unakokwenda.

7. Weka alama nyingine kila mahali pa hatari au pa msaada: mwamba, fungu la mchanga, mdomo wa mto, na mwalo wenye kujikinga na upepo. Zipe majina mafupi. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na ramani yenu wenyewe, na itakuwa bora kuliko ya dukani.

KUSOMA NAMBA

Ndugu msomaji, sasa tusome pamoja. Chukua kalamu.

Namba ya kwanza hukuambia uko mbali kiasi gani kutoka Ikweta. Hiyo ni latitudo. Sisi tuko kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo namba yetu itakuwa na herufi S, au alama ya kutoa (-) mbele yake.

Namba ya pili hukuambia uko mbali kiasi gani kutoka mstari wa Greenwich, Uingereza. Hiyo ni longitudo. Sisi tuko mashariki yake. Herufi yetu ni E.

Tazama mifano hii ya miji yetu. Namba ni za karibu:

Kibondo: S digrii 3 dakika 35, E digrii 30 dakika 43.
Kasulu: S digrii 4 dakika 34, E digrii 30 dakika 6.
Kigoma: S digrii 4 dakika 53, E digrii 29 dakika 38.

Ukisahau kusema S, mtu akadhani ni kaskazini, atakuweka Sudan Kusini.

Kumbuka pia kwamba digrii moja ina dakika 60, kama vile saa moja ina dakika 60. Kwa hiyo desimali na dakika si kitu kimoja. Kasulu kwa desimali ni 4.57. Hiyo si digrii 4 na dakika 57. Ni digrii 4 na dakika 34. Mtu akizichanganya, atakosea kwa kilometa 42 hivi. Hiyo ni zaidi ya mwendo wa siku nzima kwa miguu.

Kwa hiyo unapoomba msaada, sema maneno yote: "Kusini, digrii nne, dakika hamsini na tatu." Kisha: "Mashariki, digrii ishirini na tisa, dakika thelathini." Mwambie mwenzako azirudie. Kisha sema mko watu wangapi, na boti ina shida gani. Bora zaidi ni kutuma ujumbe wa maandishi, maana ujumbe hausikiki vibaya kwa sababu ya upepo. Watumie watu wawili, si mmoja.

FANYA MAZOEZI

Siku ya kwanza, fanyeni mazoezi nchi kavu. Weka alama nyumbani kwako. Tembea hatua elfu moja porini. Kisha mwambie kifaa akurudishe. Fuata mshale. Utaona jambo moja: ukisimama, mshale huyumbayumba. Katika vifaa vingi GPS hujua unakoelekea ukiwa katika mwendo tu. Usishtuke.

Siku ya pili, fanyeni ziwani mchana, mbele ya milima mnayoijua. Kila mtu wa boti ajifunze, si nahodha peke yake. Nahodha naye anaweza kuanguka au kuugua.

Utaona na jambo la pili. Kifaa hukuonyesha nyumbani kwa mstari ulionyooka. Hakijali kama katikati kuna rasi au mwamba. Mtu akifuata mshale usiku bila kufikiri, atapanda juu ya mawe. Kwa hiyo weka alama za kati, nje ya kila rasi, na uziendee moja baada ya nyingine. Au tumia njia uliyojia. Kifaa huandika mkia wa njia yako, na unaweza kurudi juu ya mkia huo.

Kifaa kitakusaidia pia kutambua mipaka. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Upana wake ni kilometa 50 hivi, na usiku ni rahisi kuvuka bila kukusudia. Weka alama ya mwisho wa safari yako, nawe ugeuke kabla ya kuifikia. Vivyo hivyo, Hifadhi ya Taifa ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, ina ukanda wa maji wa upana wa kilometa 1.6 kando ya ufuko wake. Humo hakuvuliwi.

NA SISI TUSIO NA BOTI?

Msomaji wa Kibondo, usifunge gazeti. Somo hili ni lako pia.

Ukishuka katika mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi kwa mtumbwi, unajua mafunjo na matete yalivyo. Kila njia ya maji inafanana na nyingine. Eneo lile la maji na nyika ni kubwa mno. Mwaka 2000 liliandikwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, la kwanza katika Tanzania. Alama moja ya NYUMBANI, na mkia wa njia uliyopita, vinaweza kukutoa humo kabla ya giza.

Na wewe mfuga nyuki unayetundika mizinga mbali katika miombo, weka alama penye kila kundi la mizinga. Mwanao akienda kurina badala yako, ataipata. Tena utajua kama umekaribia mpaka wa pori la akiba, nawe utaomba kibali kabla ya kuingia.

USIMTUPE MZEE

Neno la mwisho. Wako wavuvi wazee wasiojua kifaa hiki. Wao husoma vilele vya milima, nyota, harufu ya mvua na mwelekeo wa wimbi. Elimu hiyo haihitaji betri. Kifaa kinaweza kuanguka majini. Kwa hiyo mpakieni mzee katika boti yenu safari za kwanza. Aonyeshe mwamba ulipo, nanyi mbonyeze kitufe. Hapo elimu ya zamani na elimu mpya zitakuwa zimekaa katika boti moja.

Na kabla ya kuondoka, kila safari, sikilizeni redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa habari za upepo na mvua. Wakisema ziwa ni baya, msiondoke. Kifaa kitakuonyesha unapozama, lakini hakitakuzuia kuzama.

Nimekwisha kujifunza kubadili mtindo wa namba. Kazi ile ilinichukua dakika mbili, mezani, mchana, penye jua. Usiku ule ningetoa mshahara wa mwaka mzima kwa dakika hizo mbili.

Mpaka mwezi ujao, tutakapozungumza juu ya kuchagua vipando vya mihogo visivyo na batobato. Nakutakia kazi njema.

Bwana Shamba wako

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wavuvi hawakuweza kuzitumia namba alizosoma Bwana Shamba?
2. Je, GPS inahitaji mtandao wa simu? Eleza.
3. Mashine inatumia ampea 2 kwa saa 8. Unahitaji betri ya ampea-saa ngapi, bila kuimaliza zaidi ya nusu?
4. Kifaa kinaonyesha 22:00. Sisi tunasema saa ngapi?
5. Andika namba za mji wa Kigoma kwa maneno, kama unavyoweza kuzisema katika simu.
6. Katika kijiji chenu, ni mahali gani patatu ambapo mngeweka alama? Kwa nini?

MANENO YA KUJIFUNZA

Setelaiti: chombo kinachozunguka dunia juu angani.
Latitudo: namba ya kuonyesha umbali wa kaskazini au kusini kutoka Ikweta.
Longitudo: namba ya kuonyesha umbali wa mashariki au magharibi kutoka Greenwich.
Mwalo: mahali boti na mitumbwi inapofikia nchi kavu.
Fyuzi: kitu kinachokata umeme ukizidi, ili mashine isiungue.
Rasi: nchi kavu iliyochomoza na kuingia majini.

Majibu: swali la 3 ni 32, swali la 4 ni saa nne usiku.